Misumari Iliandikwa, Vikombe Vikaachwa

Pioneer, Eldoret

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi za binti yako. Lile goti linasemaje? Naliaka aliniambia baridi imelichokoza tena. Lipake ile dawa niliyotuma, usiwagawie majirani chupa nzima. Sisi huku tuko wazima, na mdomo wangu bado ni ule ule. Naliaka mdogo wangu, msomee Mama polepole, na usiruke mahali pabaya.

Mama, uliniuliza kwa simu kama serikali imelipa fidia ya hoteli yangu ya chai iliyopisha barabara. Imelipa. Lakini pesa za kubadilisha bati za nyumba yako hazikupatikana, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe. Hayo si maneno ya simu, ndio maana naandika.

Unakumbuka ule ukuta wangu wa vikombe. Dereva wa lori wa kwanza, Barasa, aliniachia kikombe chake cha chuma chenye maua, akasema, "Nikirudi kutoka Malaba nisikipate kwa mdomo wa mtu mwingine." Nikakigongea msumari. Wenzake wakaona wivu, kila mmoja akaleta chake. Mpaka hii barabara ya Webuye ilipoanza kupanuliwa, vilikuwa thelathini na kimoja, na namjua mwenye kila kimoja, sukari yake na jina la bibi yake.

Basi akaja kijana wa serikali wa kupima mali ya sisi tunaohamishwa. Akaandika mabati, mbao, simiti ya chini, hata misumari. "Misumari ni sehemu ya jengo," akaniambia. Nikamuuliza, "Na vikombe?" Akasema, "Hivyo mama utahama navyo." Nikacheka, lakini iliniuma. Miaka kumi na mmoja ya kukoroga chai, na serikali inaona misumari!

Mzee Patrick, jirani yangu wa duka la spea, akanishauri nipeleke malalamiko, kwa sababu mtu akihamishwa anaweza kuomba alipwe pia kwa wateja anaowapoteza. Akanifunza kabisa. "Mama Junior, ukiulizwa kama wateja watakufuata, sema hapana. Na kama machozi yako karibu, toa kidogo." Nikakubali. Nilikuwa nawaza bati zako, haki ya Mungu.

Kikao kilikuwa kwa ofisi ya chifu. Nilibeba vikombe kwa gunia, nikavipanga mezani. Afisa, mama mmoja wa miwani, alivitazama vizuri, akashika kimoja kimoja. Nyuma yangu alikaa Barasa na madereva wengine sita, wameacha malori yao ndio waje kunitolea ushahidi. Afisa akauliza, "Mama, ukienda mahali pengine, hawa watu watakufuata?"

Nikafungua mdomo niseme hapana. Nikamwona Barasa ananiangalia. Mama, huyu ndiye alinikimbiza hospitali na lori siku nilipokuwa na uchungu wa Junior, na mahindi ya watu yakiwa nyuma. Nimkane mbele ya chifu? Nikasema, "Watanifuata. Hata nikiuzia chai juu ya mti!"

Madereva wakapiga makofi. Mzee Patrick akashika kichwa. Afisa akatoa miwani, akaniambia kwa upole, "Basi hujawapoteza, mama. Siwezi kulipa kitu ambacho bado uko nacho." Akaongeza gharama ya kuhama tu.

Mzee Patrick alinigombeza njia nzima. "Maringo hayaezeki nyumba!" Na alikuwa anasema ukweli.

Sasa niko kwa kichochoro nyuma ya kituo cha petroli, na lori haliwezi kuingia. Niligonga misumari kabla hata ya kuwasha jiko. Siku ya kwanza chai ikapoa. Siku ya pili nikamwaga sufuria nzima. Nikaanza kuogopa, Mama, nikaona nimejisifu bure mbele ya watu. Siku ya tatu akatokea Barasa kwa miguu, shati limelowa jasho. Hata hakunisalimia. "Kikombe changu kiko wapi?" Yale machozi ya Mzee Patrick ndiyo yalikuja hapo, yamechelewa.

Leo wamerudi ishirini na wawili. Vikombe tisa bado vinaning'inia vikavu. Hao tisa ndio hasara yangu, na mimi mwenyewe nilimwambia afisa haipo. Naviosha kila Jumamosi pamoja na vingine. Lakini nikiulizwa tena leo, Mama, jibu langu ni lile lile. Wewe mwenyewe, ulipokuwa ukiuza ndizi sokoni, hukuwahi kumkana mtu wako.

Msalimie Baba Mdogo, mwambie ng'ombe asiuzwe kwa ajili ya bati, nitazileta mwenyewe kidogo kidogo. Msalimie Shangazi wa kanisani, aendelee kuniombea. Junior anasalimia nyanya yake na anauliza kama yule kuku mweupe bado yuko hai.

Mvua ikianza kuvuja, weka sufuria chini ya lile tundu na unisamehe. Na majirani wakikuuliza mbona binti wa Eldoret amelipwa na bado hajaleta bati, usiinamishe kichwa. Waambie ana watu ishirini na wawili, na serikali imekubali kwamba ni wake.

Ni mimi, binti yako,
Nekesa