Jiwe Lililoelea

Jumatatu, 8 Novemba 1971
Kupima mchanga kutwa, hapa maabara. Methilini ayodaidi yetu, kile kimiminika cha kupimia madini, imeanza kuwa nyeusi tena, mwanga unaiharibu. Nimeongeza vipande vya shaba, nikairudisha kabatini. Chupa ndogo kama ya wino, lakini nzito kama nyundo, kwa sababu ya ayodini iliyomo. Mchanga wa kawaida unaelea humo, madini mazito yanazama. Ndiyo kazi yangu yote. Harufu yake inaniumiza kichwa.

Jumanne, 9 Novemba
Dada Kabula amekuja kutoka Ibadakuli, macho mekundu. Mumewe, Masanja, ameokota jiwe jeupe mtoni. Anasema ni almasi. Anataka kuuza maksai wote wawili awalipe wachimbaji. Mvua ndiyo hiyo inaanza! Dada anabembeleza nimwambie ni kokoto tu. Nimekataa. Sidanganyi mtu kwa kipimo. Ameondoka bila kuaga.

Jumatano, 10 Novemba
Shemeji amelileta. Dogo kama punje ya mtama, linateleza kwa samli. Mama yake alilipaka ili liwe na baraka. Nikalidumbukiza chupani mbele yake. Almasi ingezama. Likaelea.
Nikamwambia kokoto. Akakaa sakafuni, mtu mzima yule. Nilimhurumia, lakini moyoni nilifurahi, dada amepona. Hakutaka hata kulichukua, nikaliacha humo chupani.

Alhamisi, 11 Novemba
Nimefungua kabati. Jiwe liko chini kabisa ya chupa.
Samli! Ndiyo iliyolibeba jana, sasa imeyeyukia humo. Mjinga mimi, sikuliosha. Nimeliosha kwa spiriti, nikarudia. Limezama moja kwa moja. Labda almasi, labda jiwe jingine zito. Natamani lingeelea.

Ijumaa, 12 Novemba
Masanja analima, nasikia. Dada ameniletea maziwa. Nimempa jirani.

Jumamosi, 13 Novemba
Nimekwenda Ibadakuli. Nilimkuta Masanja katikati ya shamba, nikampa jiwe lake, nikamwambia yote. Nikamsihi alipeleke ofisi ya madini, asiuze kitu kabla ya majibu. Hilo la mwisho hakulisikia.
"Nilijua! Nilijua mimi!"
Akawafungua maksai nira palepale, mstari haujaisha. Dada alinipa mgongo. Nimerudi bila hata kukaribishwa maji. Naona uchungu, na bado ningesema.

Jumatatu, 22 Novemba
Mvua nzuri. Jiwe liko ofisini, majibu bado. Maksai waliuzwa mnadani juzi. Masanja yuko mtoni na watu wake.
Baada ya kazi nimepita shambani. Dada analima kwa jembe la mkono. Nikachukua jingine, nikaanza upande wa pili. Hakunifukuza.