Makaa Mbele ya Mvuke

Lick Fork, West Virginia
Septemba 4, 1994

Mwanangu Arletta,

U hali gani huko Kentucky? Mimi mzima, ila kifua bado kinanidai miaka ile ya mgodini. Zella wa jirani anakusalimu, anauliza kama unakula.

Tangu uanze kuendesha treni za mizigo sijakuandikia. Reli ilimmeza baba yako mdogo Hobart, akafia kazini, na siwezi kujifanya nimefurahi. Lakini habari hii imenizidi nguvu: tarehe kumi na tano Oktoba, injini ya mvuke itapita bondeni kwetu ikivuta mabehewa ya watalii. Maisha yangu yote napiga picha za treni, na ile nyeusi sijaiona tangu ujana. Majani yatakuwa mekundu. Niombee ukungu usikae.

Baba yako,
Verlin


Russell, Kentucky
Septemba 16, 1994

Shikamoo Baba,

Sijambo, na mwambie Bibi Zella nakula. Kumbe ili unikumbuke ni lazima injini ifufuke! Barua nimeisubiri miaka miwili, imekuja, na nusu yake ni ya treni.

Sikukasirikii. Baba mdogo namkumbuka kila nipandapo ngazi ya injini. Ndiyo maana sina papara kazini. Nawe usipande lile jabali unalopigia picha, na kifua hicho. Simama chini, kando ya mto.

Mwanao,
Arletta


Lick Fork
Oktoba 29, 1994

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama siku ile na uchovu umekwisha. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilingoja picha isafishwe mjini.

Sasa sikia ya upande wangu. Tulikuwa pale kando ya mto tangu alfajiri, Zella kanibebea stendi ya kamera huku akinung'unika, "Verlin, watu wenye akili wako kitandani." Ukungu ukapanda, jua likatoka, bonde likawaka. Nikasikia mluzi wa mvuke kwa mbali, nywele zikanisimama. Mara treni ya makaa ya mawe ikaja kwenye reli ya karibu, ikakuta taa nyekundu, ikasimama mbele yangu kama ukuta! Nikafoka, "Wewe mpumbavu, ondoa makaa yako!"

Dirisha likafunguka. "Baba! Taa nyekundu, nifanyeje?"

Zella alicheka mpaka akakaa kwenye kokoto. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakutazama: mkono kwenye breki, umetulia kama mtu aliye jikoni kwake, na mlima mzima wa makaa umekufuata nyuma. Injini ile ikapita upande wa pili ikinguruma. Sikuona hata gurudumu. Niliona moshi ukifunika paa lako, nawe ukanigeukia, mdomo wazi, unacheka kama mtoto. Hapo nikabonyeza.

Picha imo ndani ya bahasha. Nakala yake nimeitundika sebuleni. Wenzangu wa kamera wanakuja, wanauliza, "Injini iko wapi?" Nawajibu, "Mtazameni dereva."

Baba yako


Russell
Novemba 7, 1994

Shikamoo Baba,

Huku hatujambo. Picha imefika, na Purvis, mwenzangu wa ndani ya injini, analalamika umemkata nusu ya uso. Nimemwambia baba yangu hupiga anachokipenda.

Jumanne ijayo asubuhi napita tena. Simama upande wa kanisa. Jua litakuwa mgongoni kwako.

Mwanao, dereva,
Arletta