Mkwe Wangu Beki na Kadi za Nafaka FC

Jumapili, 27 Aprili 2025

Moja bila! Migori nzima inapiga honi. Nimerudi na jezi chafu ndani ya gunia la maharagwe. Cheo changu katika Nafaka FC, timu yetu sisi wauza nafaka wa sokoni, ni Mlezi wa Timu. Maana yake nafua. Pia natunza kadi za wachezaji, kwa sababu vijana hupoteza kila kitu. Bila kadi refa hakuruhusu uwanjani, hata uwe nani.

Mkwe wangu Steffen alicheza beki ya kati mechi nzima. Hakimbii sana. Anasimama mahali, halafu mpira unakuja pale pale aliposimama. Gisiri, kocha wetu, mtu wa Kegonga ambaye hajawahi kumsifu kiumbe, alisema hiyo ndiyo Ujerumani yenyewe. Mimi naona ni goti.

Mashabiki wamempa jina. Wajaluo hawakupi jina kabla ya kujua ulizaliwa saa ngapi, basi wakamwuliza. Hakujua! Mtu wa miaka thelathini na sita. Akampigia mama yake simu huko Ujerumani akiwa bado amevaa njumu. Alfajiri, mama akasema. Basi ni Omondi. Uwanja mzima ukaimba Omondi. Mimi ni Mkisii, sikuimba. Nilipiga makofi kidogo.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Hakuna mteja. Binti yangu Beverlyne alikuja kukaa nami dukani, nikamwuliza jambo nililolinyamazia tangu Januari waliposhuka kwenye ndege: huyu mume wako alichezea nani hasa?

Akanieleza yote. Klabu ya kwanza ilikuwa ya mji wa machimbo ya makaa. Machimbo yakafungwa, klabu ikashuka daraja. Akahama. Ya pili ikashuka. Ya tatu ilikuwa na uwanja mzuri sana, wenye paa. Ikashuka. Ya nne ilishuka yeye akiwa hospitalini na goti limepasuliwa, na Beverlyne ndiye aliyekuwa nesi wa wodi hiyo. Ndivyo walivyokutana. Nilianza kupima maharagwe ambayo hakuna aliyeagiza.

Ligi kuu ya kwao alicheza mara moja. Aliingia mwishoni kabisa. Beverlyne anayo video kwenye simu. Mpira ulikuja, akaupiga kichwa, ukatoka nje. Filimbi. Basi! Nilitazama mara tatu nikidhani kuna sehemu iliyokatwa.

Daktari amesema goti limekwisha. Tarehe tatu Juni wanarudi, naye ataanza kazi ya kusimamia bwawa la kuogelea la manispaa. "Mum, anataka tu kupanda daraja mara moja," Beverlyne alisema. "Hata kama ni ya huku kwetu. Once tu, halafu anyamaze."

Nilimwonea huruma yule kijana hadi nikakasirika. Sijui nilimkasirikia nani.

Jumapili, 11 Mei

Tulikuwa ugenini Kosele. Sare, moja moja.

Ng'ombe aliingia uwanjani kipindi cha pili. Steffen akamtazama refa. Refa akamtazama Steffen. Nahodha wetu Javan akamwambia kwamba huku ng'ombe ni wa beki. Akaenda, akamshika pembe kwa adabu, akamtoa. Kumbe filimbi haikuwa imepulizwa. Wenyeji walisawazisha akiwa bado na ng'ombe.

Hakulalamika. Njia nzima alimwuliza Javan kwa Kiingereza kama kuna sheria nyingine za beki ambazo hajaambiwa. Javan alisema ziko chache.

Jumatatu, 19 Mei

Sasa soko lote linajua. Kuna mtu alitafuta kwenye simu akaziona zile timu nne. Asubuhi nimeulizwa bei ya njugu na wateja watatu, na wote watatu hawakutaka njugu. Walitaka kujua kama mkwe wangu ana mkosi.

Jana tulishinda tena, jambo lililopaswa kuwafunga midomo. Halikuwafunga. Sasa tunalingana na timu ya Rusinga, pointi kwa pointi, na mechi ya mwisho ni sisi na wao, uwanja wa Homa Bay. Atakayeshinda ndiye anayepanda. Wauza mahindi wanasema siku hiyo akae benchi, au akae nyumbani kabisa.

Gisiri alimleta dukani ajitetee. Steffen alisimama karibu na mizani, amekunja mikono kama mtu aliyeitwa na chifu. "Mimi si mchawi," alisema. "Mimi beki." Kiswahili chake chote kiliishia hapo. Gisiri akawaambia wazee wa soko waliokusanyika kwamba mtu aliyezama mara nne ndiye anayejua maji yanaingilia wapi. Wakaondoka wakinung'unika. Atacheza.

Ijumaa, 23 Mei

Balaa. Uwanja wa Homa Bay Jumapili ya tarehe moja umechukuliwa na mkutano wa injili. Mechi imerudishwa hadi Jumamosi, siku moja kabla.

Jumamosi! Nusu yetu ni Wasabato. Tangu timu hii ianzishwe hatujawahi kugusa mpira siku ya Sabato, na ligi inajua, na siku zote tumepangiwa Jumapili. Gisiri alipiga simu akabembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Wapi. Wahubiri walilipa mapema.

Tulikutana dukani jioni. Mume wangu, Mzee Ombui, ni mzee wa kanisa, kwa hiyo kila mtu alikuwa akimwangalia yeye. Alisema hamkatazi mtu. Wakatoliki waende, Wajaluo waende, Wakuria waende. Lakini nyumba yake haitakuwemo. Tulihesabu wanaobaki: wanatosha timu, na mmoja wa akiba ambaye ni dereva.

Mtu mmoja akauliza Steffen ni wa dini gani. Beverlyne akajibu ni Mlutheri wa Krismasi. Mzee alifikiri kidogo, akasema basi huyo anaweza kwenda.

Nami sitakwenda. Sitamwona akicheza mechi yake ya mwisho. Nimesema sawa mbele ya watu, na sauti yangu ilikuwa nzuri tu. Kadi nitampa Javan Ijumaa mchana, kabla sijafunga duka.

Ijumaa, 30 Mei

Siku ya maandalizi, na leo maandalizi yamenishinda. Lori la mahindi kutoka Kegonga lilikwama kwenye matope, likafika jioni badala ya asubuhi. Magunia yote kwa mara moja, na jua linashuka. Javan alipitia, nikamwambia angoje kidogo. Akaenda kunywa chai. Mzigo ukashushwa, nikafunga kufuli, nikakimbia nyumbani. Kuosha, kupiga pasi, kupika vya kesho. Tulifungua Sabato kwa wimbo, nikiwa na unga kwenye nywele.

Najisikia nimesahau kitu. Labda ni kitunguu.

Jumamosi, 31 Mei

Sio kitunguu.

Siandikagi siku ya Sabato. Leo naandika, kwenye daftari la duka, kwa sababu siwezi kutoka. Niko ndani ya duka, gizani, nimekalia gunia, na mwanga ni ule tu unaopita katikati ya milango.

Asubuhi niliwasha simu nione saa, ikalia papo hapo. Gisiri. Mama, kadi ziko wapi? Nikaona droo ya chini ya mizani waziwazi, kama vile niko mbele yake. Javan alirudi kutoka chai akakuta kufuli, akadhani nimempa Gisiri. Gisiri akadhani nimempa Javan. Hakuna aliyepiga simu jioni kwa kuwa wote wanajua kwangu Ijumaa jua likizama simu huzimwa.

Nilimwambia Mzee tukinywa uji. Aliweka kikombe chini. Akasema siku ya Sabato mtu anaweza kumhudumia mgonjwa, hata ng'ombe akianguka shimoni anaweza kuvutwa. Lakini kadi si ng'ombe. Na duka letu linatazamana na kanisa. Mzee wa kanisa akifungua duka Sabato, atasimama wapi wiki ijayo kumwonya mtu? Nilijua ana haki. Hilo ndilo lililoniuma.

Tukaenda kanisani. Katikati ya somo Beverlyne aliingia, akakaa nyuma yangu, akaninong'oneza. Steffen anasema niache. Nisimkosanishe Mzee na watu wake. Watu wa Rusinga wapewe ushindi wa mezani, yeye amezoea.

Amezoea! Neno hilo lilinichoma. Mtu ametoka nchi yake, ametoa ng'ombe uwanjani, amempigia mama yake simu kuuliza saa aliyozaliwa ili apate jina la kuitwa na watu wetu. Halafu mimi mwenyewe, mama mkwe wake, ndiye nimshushe daraja mara ya tano? Na sababu ni lori la mahindi?

Wimbo wa pili nilishika kichwa, nikatoka. Nilivuka barabara bila kutazama upande wowote. Nikafungua kufuli, nikaingia, nikavuta milango na kuifunga mnyororo kwa ndani. Kadi ziko hapa mapajani, zimefungwa kwa raba. Yake iko juu. Kwenye picha amekunja uso kama aliyeamriwa asicheke.

Nilipanga kutoka wangali wanasikiliza mahubiri. Lakini mhubiri wa leo ni mgeni, na mgeni huyu ni mfupi wa maneno. Sijawahi kuona! Wametoka wote. Wamejaa mbele ya duka, wanasalimiana, kwa sababu hapa ndipo penye kivuli. Mama Obare, ambaye huona kila kitu, yuko hatua chache kutoka mlangoni. Mteja mmoja asiyekuwa wa kanisa alishaona kufuli haliko, akagonga, akaita, "Mama Bev, umefungua? Nipimie tu kilo mbili!" Niliziba mdomo.

Gisiri ametuma ujumbe. Gari liko kwenye kituo cha mafuta, injini inanguruma. Wakichelewa zaidi hawataiwahi mechi Homa Bay. Steffen amekaa kiti cha mbele na jezi ameshavaa. Hajui nilipo.

Nikitoka na kadi mkononi, mume wangu amekwisha. Nikikaa, ni yule kijana. Nimesali. 

Mzee amefika. Namsikia. Mama Obare anamwuliza mama yuko wapi, mbona alitoka. Mzee anasema kichwa kinamsumbua, ameenda nyumbani kulala.

Mzee Ombui! Mbele ya kanisa lake! Miaka yote hii sijamsikia akimdanganya hata mtoto.

Amekuja kusimama mlangoni kabisa. Mgongo wake umeziba mwanga, ninaandika kwa kukisia. Anawaita watu wamwangalie yeye. Anauliza habari za mavuno, habari za ndama wa mtu, mambo ambayo hajawahi kuyajali. Na mkono wake mmoja ameuzungusha nyuma, ameupenyeza katikati ya milango, juu ya mnyororo. Kiganja kiko wazi.

Nikiziweka humo, tutakuwa wawili tuliovunja Sabato.

Bado anaongea habari za ndama. Ametikisa vidole, kama anavyofanya mezani akitaka chumvi.