Niliyojifunza Kuhusu Mate ya Mbwa

Oli, Arua
2 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Shafiki,

Asalaam aleikum. U mzima huko machimboni Kapoeta? Chakula mnapata? Mimi na watoto tunapumua, alhamdulillahi. Simu yako haipatikani siku ya nne leo, ndiyo maana nimempa barua hii Enoch, dereva wa lori. Habari si nzuri, lakini wacha nianze na mafunzo yangu ili unielewe.

Mwezi uliopita walinichagua niwe mhudumu wa afya wa kijiji, wakatufunza siku tatu. Nilifurahi kama mtoto wa shule. Kumbe mbu anayeuma ni jike tu! Kumbe nyoka hana masikio ya nje, lakini anahisi mtikisiko wa miguu yako ardhini. Na muhogo mchungu, usipoandaliwa vizuri, una sumu ya kuua mtu. Bibi zetu waliuloweka bila kufundishwa na daktari yeyote.

Siku ya tatu mwalimu wetu, Bi. Juliet, akafika kwenye mbwa. Akasema ugonjwa wa kichaa cha mbwa umo kwenye mate. Ukishaingia mwilini unaweza kulala wiki, miezi, hata mwaka, na jeraha limeshapona. Ukiwa umelala, chanjo inauzuia. Ukiamka, mgonjwa akaanza kuogopa maji, karibu hakuna anayepona.

Nilimkumbuka Baba Mdogo Yugu, na yule mbwa mgeni aliyemng'ata paja nyumbani Koboko siku ya pili ya Idd. Tulimpaka chumvi na majani, basi. Sikungoja hata cheti; nilipanda gari la Koboko mchana uleule.

Nilimkuta kitandani anajikuna kovu. Mama Mdogo Aidah akaniambia hajalala siku mbili. Nikampelekea kikombe cha maji. Kabla hakijafika mdomoni, koo lilimkakamaa.

"Toa hii maji, Rashida! Iko nakaba mimi!"

"Baba, ni maji tu."

"Najua iko maji," akasema, machozi yakimtoka. "Sasa kwa nini mimi naogopa?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikaweka kikombe mbali naye, nikatoka kutafuta gari la hospitali.

Tulimfikisha hospitali, lakini Alhamisi alifariki. Ijumaa tukamzika kando ya baba yetu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole, mdogo wangu. Najua ndiye aliyekulea.

Sasa nisikilize. Wewe ndiye uliyemvuta yule mbwa shingoni. Jino lake lilikukwaruza kidole gumba, ukacheka, ukajifuta kwa kanzu. Nimemuuliza Bi. Juliet kama umechelewa. Akasema, "Kama bado ni mzima, hajachelewa. Lakini asingoje kesho."

Usijiangalie kidole ukasema kimepona. Jeraha la Baba Mdogo nalo lilipona. Acha sururu hapo ulipo, panda lori na Enoch, mwende mpaka hospitali yenye chanjo. Uchomwe sindano zote, usiruke hata moja.

Mama Mdogo Aidah anakusalimu kutoka kwenye mkeka wa matanga. Majirani zetu Yasiri na Margaret wanakuombea, na watoto wangu wanakuuliza kila siku.

Mungu akutangulie njiani, akufikishe kabla ugonjwa huu haujaamka.

Dada yako akupendaye,
Rashida