Goti Lako Lilikuwa Zima, Nafula

Nafula, mdogo wangu uliye Houston,

Hujambo huko? Mimi mzima. Naandika saa saba mchana, Bi Helen, bibi ninayemlea, amelala baada ya kula, nami nimekaa kwenye ile meza ya jikoni unayoijua, inayotazama maegesho ya magari na nyumba zinazofanana na hii mpaka mwisho wa barabara. Ujumbe wako nimeupata kwenye simu Jumapili. Nimeusikiliza mara sita. "Sista, pakia vitu. Saturday tukimaliza mechi huko kwenu Maryland nakuja Germantown na gari ya timu, tunarudi na wewe. Kazi iko, room iko, jezi iko. Na usiniletee stori." Nyuma yako wenzako walikuwa wanacheka. Nililia, nisikudanganye. Halafu nikakumbuka jambo moja, nikaona aibu hata ya kulia.

Kuna watu watauliza kwa nini nisikupigie tu, hadi niiweke barua kwenye jarida letu la barua pepe, lile la kila Jumatano linalokufikia hata wewe huko, isomwe na kila Mswahili wa Maryland. Ni kwa sababu uongo wenyewe sikuusema mara moja tu. Niliutembeza, mtu hadi mtu, nyumba hadi nyumba. Basi na ukweli nao utembee. Tena binti yake Bi Helen, aliyeniajiri, hasomi Kiswahili, kwa hiyo upande huo niko salama.

Unakumbuka ulivyokuja? Tulikuwa mazoezini kwenye ule ukumbi wa kanisa, Riverdale Park, sakafu inateleza kwa nta na kikapu cha upande mmoja kimeinama. Wanawake wanane, wengine kanga kiunoni juu ya suruali ya michezo. Wewe hukuja kwa ajili yetu. Ulikuja kuchukua unga wa ugali kwa mtu. Mpira ukakimbilia mlangoni ulipokuwa, ukauokota, mfuko wa unga bado uko kwapani, ukaurusha kwa mkono mmoja. Ukaingia bila kugusa chuma. Jamani! Mama Jose wetu, Mkongo yule mnene asiyekubali kutolewa uwanjani, akasema, "Eh, Mungu wangu, huyu asitoke humu!" Nikafunga mlango kwa utani, nikakwambia hutoki mpaka utaje jina lako. Ulicheka. Ulikuwa na miaka ishirini na mbili na hukuwa na hata raba.

Nakwambia ukweli, Nyuki wa Riverdale hatukuwa na kitu cha kumwekea mchezaji kama wewe. Houston walikuwa na watu, wana madaktari, wana wenye maduka, wana kocha anayelipwa. Mchezaji akienda kule anapata kazi kabla hajavua koti. Sisi tulikuwa walezi wa wazee, wasafisha ofisi, na mmoja wetu akiosha mabanda ya ng'ombe wa serikali kule Beltsville. Kila tukimpata mwanamke anayejua kikapu, msimu mmoja, miwili, kaenda. Senta wetu alienda Minneapolis, yule mfupi wa Arusha akaenda Boston, wala hawakuaga. Safari haitangazwi, unajua tena watu wetu. Unapiga simu kumkumbusha mazoezi, anakujibu kutoka kwenye theluji ya mji mwingine.

Sisi tulichokuwa nacho ni shifti. Ndiyo mishahara yetu ilikuwa hiyo. Mchezaji mzuri tunamshikia kazi yake ili acheze, na asiyecheza vizuri ndiye anayekwenda kushika. Kazi yako ilikuwa hii ya Bi Helen, ya kulala humu humu, na mechi zote ziko wikiendi. Basi kila Ijumaa tukikutana kwenye kituo cha treni hapa Germantown, wewe unashuka kilimani na begi, mimi napanda. Unanipa ufunguo, unanipa habari: "Leo ako na hasira, supu ameikataa, usimpe remote." Mimi ndiye niliyekuwa kapteni na mimi ndiye niliyeshika shifti zako nyingi kuliko wote. Kuna mashindano mazima niliyoyasikia kwa simu tu, Mama Jose akinipigia makelele ya vikapu vyako sikioni.

Bi Helen naye, unamjua, hana kingine ila kikapu kwenye televisheni. Ametoka mji mdogo kule milimani, na timu ya kwao kila mwaka inafunza kijana, kijana anang'aa, anakwenda mji mkubwa. Siku moja nilimuuliza kwa nini bado anaitazama. Akanijibu kwa ukali kwamba hao wanaoondoka hawamuudhi, wanaomuudhi ni wenye timu wanaowafungia vijana mlango. Nikaona ananisema mimi. Hakuwa anajua lolote, masikini, lakini siku hiyo nilishindwa kumaliza chai yangu.

Sasa nikwambie.

Mwaka wako wa pili na sisi, mwezi wa tano, nilipigiwa simu na mama mmoja wa Houston. Sauti nzuri, ya mtu mzima, ya pwani. Alinisalimia mpaka akamaliza ukoo wangu wote. Halafu akasema, "Dada, tumepita hapo kwenu, tumeona ua, tunaomba kulichuma." Nikajua ni mshenga. Ndivyo timu zetu zinavyofanya, ustaarabu wenyewe huo, humgusi mchezaji wa watu mpaka uje kwa kapteni wake ubishe hodi. Alikuwa anakuposa wewe, Nafula. Na hakuja mikono mitupu. Alisema wana nafasi ya kukuingiza kusomea uuguzi, na mume wake anafahamiana na watu wa chuo, na utakaa kwake mpaka ujiweze. Akaniuliza, kama mshenga anavyouliza, je, binti ana matatizo yoyote tuyajue mapema?

Mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa jikoni kwenye shifti yako. Nikaangalia nje. Nikawaza, huyu akienda, Nyuki imekufa. Nikawaza pia, na hili ndilo baya zaidi, kwamba huyu akienda mimi nitabaki na nani. Nikamwambia yule mama, "Binti mzuri sana. Tatizo ni goti. Daktari amesema akicheza misimu miwili zaidi atatembelea fimbo." Yule mama akavuta pumzi, akasema masikini, Mungu ampe afya. Akashukuru. Hakupiga tena.

Goti lako lilikuwa zima. Mpaka leo sijawahi kuona magoti mazima kama yako.

Lakini uongo ukishauzaa lazima uulee. Niliogopa atauliza kwa mtu mwingine, kwa hiyo nikaanza kuwaambia wenzetu. Msimchoshe Nafula, goti linamsumbua, ila msimwambie nimesema, mwenyewe hapendi. Loh! Watu wetu na huruma yao. Mama Jose akaja na mafuta ya mnyonyo akakukanda goti zima wiki nzima. Mchungaji akakuombea. Ukanijia siku moja umekunja uso: "Sista, kwani nini? Mbona kila mtu ananiuliza goti? Hadi pasta!" Nikakwambia wanakupenda. Ukacheka ukasema, "Basi wapende na mgongo, ndio unauma kwa kuinua huyu mama." Nami nikacheka na wewe. Nilicheka kabisa, Nafula, bila hata kuumwa na roho.

Roho ilikuja kuniuma kituoni, Ijumaa ya mvua. Ulinipa ufunguo, lakini hukuondoka. Ulisimama. Ukaniambia umechoka kubeba boksi, hivi vibarua vya ughaibuni, umechoka kuishi kwenye nyumba ya watu ambayo hata dirisha hufungui bila kuomba. Ukasema, "Natamani tu mtu mmoja aseme jina langu mahali, sista. Mtu mmoja tu." Jina lako lilikuwa limeshatajwa, mahali pazuri, na mimi ndiye niliyelirudisha. Nikakushika bega nikakwambia, "Vumilia." Neno zima nililokuwa nalo ni hilo. Treni ikaja ukapanda.

Ulivumilia mwaka na nusu mwingine. Ungekuwa umeshavaa sare ya unesi.

Mwisho walikuona kwa macho yao wenyewe, wikiendi ile ndefu ya mwezi wa tisa, ulipowafunga Houston vikapu mpaka kocha wao akakaa chini. Mimi sikuona, nilikuwa huku nakata kucha za Bi Helen. Ijumaa ile ulikuwa umeniambia, "Nishikie hadi Monday, sista." Jumatatu hukutokea. Jumanne ukanipigia kutoka Texas: "Usikasirike. Walisema gari inatoka saa hiyo hiyo." Nilikukasirikia sana. Nilisema maneno kwa watu. Nilisema mtoto hana shukrani, nimemshikia shifti miaka mitatu ananilipa hivi. Kila mtu alikuwa upande wangu, na nilikula ile huruma yao kama futari.

Na Jumatatu yako, mdogo wangu, mimi bado naishi ndani yake. Chumba cha Riverdale tulichokuwa tukilipia wote wawili sikukiweza peke yangu, nikahamia huku "kwa muda". Makaratasi yangu ya uhamiaji yalikuwa hayajatoka, na binti yake Bi Helen ndiye mwajiri peke yake ambaye hakuyauliza, kwa hiyo sikuweza kumwambia hapana kwa lolote. Likizo, hapana. Jumapili, labda. Gari sina, na kutoka hapa kwenda dukani kwa miguu watu wanasimamisha magari kuniuliza kama nimepotea. Timu ikabaki wanne. Jezi ziko kwenye mfuko mweusi chini ya kitanda changu, kitanda kilekile ulichokuwa unalalamikia springi. Nimelala kwenye shimo la mwili wako miaka mitatu. Kuna wakati nilidhani umenifanyia makusudi, kwamba ulijua, ukanirudishia. Nikaona sawa, nastahili.

Sasa makaratasi yametoka, mwezi uliopita. Na Jumapili ukanitumia ule ujumbe, wala sikukuomba, kumbe muda wote huo umekuwa ukinitafutia njia. Jumatatu asubuhi nilimwambia binti yake naacha kazi. Amepata dada mwingine, anaingia Jumamosi jioni, na chumba hiki kitakuwa chake. Bi Helen nilimwambia mwenyewe. Alinishika mkono, akauliza naenda timu kubwa? Nikasema ndiyo. Akasema nisisahau kula.

Kwa hiyo ona nilivyokaa. Baada ya Jumamosi sina kazi, sina chumba, sina mtu Maryland nzima mwenye kochi lisilo na mtu juu yake. Nina wewe. Ningeweza kabisa kunyamaza mpaka tufike Houston, na nisijifanye mtakatifu, usiku wa Jumapili mpaka Jumanne mpango wangu ulikuwa huo huo. Kukaa kimya, kupanda gari, kuvaa jezi. Lakini naenda kuishi mji mmoja na yule mama mshenga. Siku ya kwanza atakayotukuta pamoja atakuuliza, kwa upole wake, goti lilipona lini? Na mimi nitakuwa nimekaa hapo na sahani yangu. Siwezi, Nafula. Mtu aliyekufungia mlango hawezi kuingia kupitia mlango uliofungua wewe akajifanya mgeni.

Halafu leo asubuhi nilipokuwa namvalisha Bi Helen soksi wazo likanijia likanikalisha kitini. Wewe umekaa na huyo mama miaka mitatu. Umekula kwake. Haiwezekani hajakuuliza.

Kama alikuuliza, basi ulijua. Ulijua Krismasi uliponitumia viatu, ulijua Jumapili uliposema jezi iko. Na kama ndivyo sina neno la kukwambia, kwa sababu sijui mtu anayeweza hivyo anasalimiwa vipi. Kama hakukuuliza, ndiyo umejua leo, pamoja na watu wote, na una haki ya kila utakalosema.

Nisamehe. Sikukuibia timu, nilikuibia miaka, na nilikuwa naipenda sauti yako kwenye simu wakati naiiba.

Cheza vizuri Jumamosi. Nitakuwa nje barazani kuanzia saa kumi na moja jioni, na mabegi mawili. Gari lisipokuja sitakupigia kuuliza.

Dada yako