Hakuna Maji Wadi Nuhas

Matrah, Maskati
20 Februari 1969

Mpendwa Shangazi Kheiria,

Niwie radhi naitanguliza aibu yangu mbele ya salamu. Sijamwambia mtu, hata Mama. Ile barua ya Baba ya mwezi uliopita, inayokutaka uuze nyumba ya Mombasa uje tuhamie sote Wadi Nuhas, ina uongo ndani yake, na aliyeuandika ni mimi.

Sasa nakubusu mikono. Hujambo? Na miguu imepungua kuvimba? Sisi tu wazima wa mwili. Macho ya Baba hayashiki tena maandishi, na kwa kuwa nimeacha skuli, na huku skuli ya wasichana hakuna, kazi yangu ni kumwandikia na kumsomea.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiambiwa Unguja kwamba sisi ni watu wa shaba, na mashimo ya babu yanatungoja. Baba alitupeleka huko Wadi Nuhas baada ya Idi, siku mbili juu ya punda kutoka gari linapoishia. Shangazi, hapana kitu. Mashimo yameporomoka, nyumba hazina mapaa, na kila mahali malundo ya mawe meusi, mazito. Baba alijaza gunia, akasema hata hayo yatatutosha.

Anayeishi huko ni bibi mmoja tu, Masouda, na mbuzi wake. Alinihadithia mimi, labda kwa kuwa nilikaa kimya. Watu waliyeyusha shaba kwa makaa, wakakata migunga yote ya bonde mpaka moto ukakosa kuni. Kisha falaji, ule mfereji uletao maji kutoka mlimani, ukakauka. Waliobaki wakaondoka, babu yetu mmoja wao.

"Hakuacha shaba," alisema. "Alikimbia kiu. Na hayo anayobeba baba yako ni mavi ya shaba, makapi yabakiayo tanurini."

Niliona haya kumwambia Baba. Nilimwacha ayabebe mpaka sokoni Matrah, kwa mfua shaba, ambaye alimuuliza kama huko Afrika mawe hakuna. Watu walicheka. Baba akacheka nao, akarudi na gunia lake. Mpaka leo liko mlangoni, tunaliruka.

Wiki ile ile akaniita nikuandikie barua ile. Alipofika kwenye habari ya maji ya huko, nikainua kalamu.

"Andika yapo, Muhsina," akasema. "Dada yangu akija, patakuwa na watu."

Nikaandika.

Usiuze, Shangazi. Unguja hatuna pa kurudi, na hapa tunakaa chumba cha watu. Nyumba yako ndiyo mlango pekee uliobaki katika ukoo wetu.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie wanao, Aliya na Mahfoudh. Mungu akuhifadhi wewe na paa lililo juu yako.

Barua hii ichome, usimwambie mtu, hata Aliya. Ukimjibu Baba, sema tu nyumba haijapata mnunuzi. Atakayemsomea ni mimi, wala hatajua.

Mwanao akupendaye na kukutamani,
Muhsina