Bunduki ya Baba yake Bibi Joyce

Lidcombe, Sydney

Kwako Baba Wakesho,

Habari ya huko Mwatate? Mimi, Wakesho na mjukuu wako tuko wazima. Sindano za korona nimedungwa zote mbili, mkono uliuma siku moja tu. Wewe je, dawa ya presha unameza? Na barakoa unavaa puani, au umeining'iniza kidevuni? Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu husikii, nikikuuliza mguu unanijibu ng'ombe. Ndege za kunirudisha bado ni shida, lakini usihuzunike. Leo nina habari ya kukuchekesha, ingawa mimi ilinitoa jasho.

Yuko jirani yetu Bibi Joyce, mjane, mtu wa umri wetu. Wakati tumefungiwa ndani tulikuwa tunapungiana mikono juu ya ua. Sasa tumefunguliwa, nakwenda kwake kila asubuhi kunywa chai, yeye na Kizungu chake, mimi na changu cha darasa la nne. Basi juzi fundi wa paa alikuta bunduki juu ya dari yake, imeviringishwa kwa blanketi. Ni ya marehemu baba yake, ya wakati wa vita. Bibi alilia, maana alidhani iliuzwa zamani.

Hapa kukaa na bunduki bila laisensi ni makosa, lakini ukiisalimisha mwenyewe hawakushiki. Bibi akapiga simu polisi, wakamwelekeza kwa mwenye duka la bunduki aliye na kibali. Yule bwana akamwambia atakuja kuikagua. Ikiwa ni kamili na haijachezewa, iko nyumba ya kumbukumbu ya askari itakayoiweka pamoja na jina la baba yake. Ikiwa imeharibiwa, itakwenda kusagwa na vyuma vingine. Tangu hapo Bibi hata mkate alikuwa haugusi.

Sasa sikia mkeo. Mimi kusikia neno ukaguzi, nikakumbuka ulipokuwa polisi wa akiba, siku mkubwa wenu anakuja kuangalia zile bunduki zenu za Mark 4. Si ni mimi niliyekuwa naipaka mafuta mpaka ing'ae? Mwenye kutu alinyang'anywa mbele ya watu. Hii ya Bibi inafanana na ile yako, ila mdomo wake ni butu kama pua ya nguruwe. Siku ya ukaguzi ilikuwa mezani kwake, vumbi tupu, na Bibi yuko bafuni anajitayarisha. Nikasema siwezi kuacha mjane aaibike. Nikavuta bolti kwanza kuona kama ina risasi, kama ulivyonifundisha. Haikuwa na kitu. Nikatoa mkobani mafuta ya nazi ya mjukuu, nikasugua mti wote wa kitako. Nilikuwa natafuta jivu nisugue kutu ya chuma, Bibi akatokea. Akaitazama inavyong'aa, akanipiga busu la hewani.

Yule bwana akaja na glavu na tochi. Wakesho alikuwa ametoka kazini hospitali, akakaa kututafsiria. Bwana akasoma namba iliyo kwenye mwili wa bunduki, akasoma ya bolti.

"Zinafanana," Wakesho akasema. "Anasema hivi vyuma vilitoka kiwandani pamoja. Hilo ni jambo kubwa."

Akamulika ndani ya mtutu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Bibi amenishika mkono. Kufika kwenye kitako yule bwana akainama. Akagusa. Akasema mti umepigwa msasa na kupakwa vanishi mpya, na watu wengi huharibu bunduki za kale hivyo. Kumbe wao hawataki ing'ae, Baba Wakesho. Wanataka uchafu wake wa zamani na mikwaruzo yake.

Wakesho akanigeukia. "Mama. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umeshika bunduki ya watu bila laisensi, na viza yenyewe tunaiombea. Unataka turudishwe?"

"Wewe nisute baadaye. Sasa mwambie ni mafuta ya nazi, si vanishi. Na msasa sikupiga. Mwambie afute aone."

Akafuta kwa kitambaa. Akatoa kioo cha kukuzia, akatafuta alama zilizopigwa kwenye mti kiwandani. Msasa ukipita, zile herufi hulainika na kufifia. Akapitisha ukucha juu yake polepole. Bibi alikuwa ananibana vidole mpaka vikafa ganzi. Kisha yule bwana akaanza kucheka hadi barakoa ikamshuka.

"Herufi ni kali, mti haujaguswa," Wakesho akasema. "Na anasema hajawahi kukagua bunduki inayonukia biskuti za nazi."

Basi haisagwi. Inakwenda nzima. Habari ya jivu sikuitaja, na wewe usiitaje. Bibi Joyce alinikumbatia, kumbatio la kwanza tangu korona ije, tukalia na kucheka sote wawili. Yule bwana akajaza fomu ya historia ya bunduki: ilikuwa ya nani, ilikaa wapi, nani aliisafisha mwisho. Alipofika hapo akasita. Bibi akagonga meza kwa kidole: andika. Wakesho akamtajia jina langu herufi kwa herufi, na likaandikwa chini ya la baba yake.

Nisalimie dada yako wa kunyonya, mwambie mjukuu ana meno manne. Msalimie na katibu wa kanisa, asinifute kwenye kwaya, sauti ninayo bado. Mkwe wetu wa Voi mwambie akuletee miwani. Na wewe lala mapema, funga mlango wa nyuma, usibebe maji na huo mguu.

Ni mimi mkeo akupendaye,
Mama Wakesho